Chapa ya kwanza au la? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya za zamani za watoto

Meza yangu ya vitabu vya mitumba iko Mtwara mjini. Karibu kila wiki hufika mtu na kikapu cha riwaya za watoto alizozikuta kwenye sanduku la babu yake Mikindani, kwa shangazi yake Newala, au katika stoo ya shule iliyokuwa ikisafishwa. Swali ni lilelile: "Hiki ni cha kwanza kabisa?"

Nimeamua kuyaandika majibu kwa sababu ya jambo moja lililoniuma. Jioni moja nilinunua karanga stendi. Nilipoifunua karatasi iliyofungiwa nikakuta ni ukurasa wa haki miliki wa riwaya ya watoto ya Kiswahili, ya miaka ya 1960. Kitabu kizima kilikuwa kimeshachanwa. Ukurasa ule ndio ungetuambia kilipigwa chapa lini, wapi, na kwa mara ya ngapi, na sasa ulikuwa umelowa mafuta mkononi mwangu.

Toleo la kwanza na chapa ya kwanza, si kitu kimoja?

Hapana, na ukilielewa hili umeshavuka nusu ya safari. Toleo ni maandishi yalivyopangwa: yakibadilishwa sana, hilo ni toleo jipya. Chapa ni kila mara mtambo unapowashwa kutoa nakala za toleo lilelile. Toleo moja linaweza kuwa na chapa ishirini. Mkusanyaji anaposema anatafuta "toleo la kwanza", kwa kawaida anamaanisha chapa ya kwanza ya toleo la kwanza.

Chukua The Hobbit ya J.R.R. Tolkien. Ilitoka London Septemba 1937 kwa George Allen & Unwin, nakala 1,500. Ziliisha kabla ya mwaka kwisha, wakapiga chapa ya pili na safari hii wakaongeza picha nne za rangi. Hadithi haikuguswa, kwa hiyo hilo ni toleo lilelile, chapa ya pili. Mwaka 1951 ndipo lilipotoka toleo la pili, mwandishi akiwa ameiandika upya sura ya tano, pale Bilbo anapokutana na Gollum gizani. Kwa hiyo mtu akikuletea nakala ya 1937 yenye picha za rangi akisema ni ya kwanza, picha hizo hizo zinamkanusha.

Tatizo letu ni kwamba wachapishaji wa Kiswahili wameyachanganya maneno haya kwa miaka mingi. Utakuta kitabu kimeandikwa "Toleo la Tatu" na ndani hakuna hata nukta iliyobadilishwa. Usibishane na neno, linganisha kurasa.

Nikishika kitabu, nianze kuangalia wapi?

Nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Hapo ndipo penye haki miliki, jina la mchapishaji, mwaka, na mara nyingi historia ya chapa. Soma kila mstari, hata ule mdogo kabisa wa chini. Kisha nenda ukurasa wa mwisho, kwa sababu wapiga chapa wengine huweka jina lao huko. Halafu kava, mgongo, na bei. Usiamue kwa kitu kimoja. Mwaka ulioandikwa mbele ya alama ya haki miliki hubaki uleule hata kitabu kikipigwa chapa miaka arobaini baadaye, na huu ndio mtego unaowanasa watu wengi kuliko yote.

Namba zile zilizopangwa chini ya ukurasa, 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, ni za nini?

Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoishika. Ukiona mpaka 1, ni chapa ya kwanza. Ukiona 10 9 8 7 6 5 4, ni ya nne: kila chapa mpya, namba moja ilifutwa. Wengine huzipanga kwa kupishana, 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, lakini kanuni ni ileile. Wengine huongeza safu ya miaka pembeni, na huko nako mwaka wa zamani kuliko yote uliobaki ndio wa chapa hiyo.

Ipo kampuni iliyokwenda kinyume. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Random House ya Marekani iliandika "First Edition" juu ya mstari ulioishia na 2. Kwao hiyo ndiyo chapa ya kwanza. Ikifika ya pili, waliyafuta yale maneno na kuiacha 2.

Changu hakina namba zozote. Basi si cha kwanza?

Si lazima. Mstari wa namba ulienea kuanzia miaka ya 1970. Kabla ya hapo kila nyumba ya uchapishaji ilikuwa na desturi yake. Waingereza wengi waliandika "First published" na mwaka, kisha wakaongeza "Reprinted" na miaka mingine kadiri kitabu kilivyorudi mtamboni. Kukosekana kwa orodha hiyo ya pili ni dalili njema.

Wengine walitumia herufi. Harper ya New York iliweka herufi mbili, ya kwanza mwezi na ya pili mwaka. Charlotte's Web ya E.B. White, iliyotoka 1952, inatakiwa iwe na I-B: I ni Septemba, B ni 1952. Herufi nyingine hapo ni chapa nyingine. Na kuna vitabu vinavyojulikana kwa jambo dogo tu. Charlie and the Chocolate Factory ya Roald Dahl ilitangulia Marekani, kwa Knopf, 1964. Katika chapa ya kwanza, yale maelezo ya mwisho wa kitabu kuhusu herufi na upigaji chapa yana mistari sita, na baadaye yakawa mitano. Hesabu mistari kwa kidole.

Nina Harry Potter ya kwanza. Nimetajirika?

Swali hili huja kila likizo ya shule. Harry Potter and the Philosopher's Stone ilitolewa na Bloomsbury Juni 1997, na nakala za kava gumu za chapa ya kwanza zilikuwa 500 tu, nyingi zikaenda maktaba. Ili iwe yenyewe, mambo haya yote yawepo kwa pamoja: mstari wa namba ufike 1, haki miliki iwe kwa jina Joanne Rowling, si J.K.; ukurasa wa 53, kwenye orodha ya vifaa vya mwanafunzi, "1 wand" iwe imetajwa mara mbili; na kava la nyuma liwe na neno "Philosopher's" lililokosewa herufi. Nakala ya kava laini ilitoka sambamba na ina alama nyingi kama hizo, ila zake zilikuwa nyingi zaidi na thamani yake ni ya chini.

Kama yako inaitwa Sorcerer's Stone, ni ya Marekani, 1998. Maneno "First American edition" ni ya kweli, lakini yanamaanisha ya kwanza kwa Marekani.

Vitabu vya Puffin vinavyoletwa kwenye makasha ya msaada vina thamani?

Vya kusomesha watoto, sana. Vya kukusanya, mara chache. Puffin ilianza kama tawi la Penguin la watoto mwanzoni mwa miaka ya 1940, na sehemu kubwa ya riwaya zake zilikuwa zimeshatoka kwingine kwa kava gumu. Soma mstari wa juu kabla ya ule wenye jina Puffin: utakuta umetaja mchapishaji wa awali na mwaka wa nyuma. Bei nayo inasaidia. Uingereza ilibadili hesabu ya pesa zake Februari 1971, kwa hiyo kava lenye bei ya 3/6 tu (shilingi tatu na peni sita) ni la kabla ya hapo, na lenye herufi p baada ya namba ni la zama za badiliko hilo.

Na riwaya zetu za Kiswahili je? Nazo zina chapa ya kwanza inayotafutwa?

Zinayo, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Vitabu maarufu vya Kiingereza vimeshafanyiwa orodha na wakusanyaji, nukta kwa nukta. Vya Kiswahili mara nyingi itabidi uujenge ushahidi mwenyewe, kutoka kwenye nakala zilizobaki majumbani mwetu. Kila nakala inayochanwa kufungia karanga ni shahidi mmoja aliyepotea.

Anza na jina la mchapishaji, kwa sababu riwaya zetu zimehama nyumba mara nyingi. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitolewa na Nelson 1951. Adili na Nduguze, ambayo wazee wengi wa huku waliisoma wakiwa watoto, ilitolewa na Macmillan 1952. Ukikuta jina jingine la mchapishaji pale chini ya ukurasa wa jina, hiyo si chapa ya kwanza hata kama karatasi imegeuka rangi ya chai. Usichanganye pia mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kutoka. Kufikirika iliandikwa katika miaka ya 1940, lakini ilitoka 1967, mwandishi akiwa ameshafariki tangu 1962. Mtu akikuambia anayo ya 1946, mwulize ameusoma mwaka huo wapi, kwenye dibaji au kwenye ukurasa wa haki miliki.

Kisha kuna East African Literature Bureau. Ofisi hii ilianza 1948 na ndiyo iliyotupa vitabu vingi vya shule na hadithi, ikiwemo Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, vyote 1960. Ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, na kazi zake nyingi zikapita kwa Kenya Literature Bureau. Kwa hiyo nakala yenye jina la Kenya Literature Bureau ni chapa ya baadaye, haijalishi ukurasa unataja 1960 mara ngapi.

Wengi hawajui kwamba hata Alice wa Lewis Carroll alishavaa Kiswahili. Elisi katika Nchi ya Ajabu ilitolewa na Sheldon Press, London, 1940, na ndani yake Elisi amechorwa mtoto wa Kiafrika. Ni kitabu cha kukishika kwa mikono miwili. Cha Kiingereza chenyewe kina kisa chake: Macmillan walipiga nakala 2,000 mwaka 1865, mchoraji John Tenniel akakataa jinsi picha zake zilivyotoka, nakala zikarudishwa, kitabu kikapigwa upya kikiwa na tarehe ya 1866. Karatasi zile zilizokataliwa hazikutupwa. Ziliuzwa New York, zikawekewa ukurasa mpya wa jina, nao pia ukiwa na 1866.

Usiwadharau wachapishaji wa karibu nasi. Hapa mkoani kwetu, wilaya ya Masasi, wamonaki Wabenediktini wana kiwanda cha chapa cha Ndanda Mission Press, na vitabu vyao vingi vina jina la Benedictine Publications Ndanda–Peramiho. Angalia ni nani mchapishaji na ni nani mpiga chapa tu. Kitabu kinaweza kupigwa Ndanda kwa niaba ya mwandishi mwenyewe, na kama baadaye kilichukuliwa na kampuni ya Dar es Salaam, ile nakala nyembamba ya Ndanda ndiyo ya kwanza. Na hadithi yenye alama ya Mradi wa Vitabu vya Watoto haiwezi kuwa imepigwa kabla ya 1991, mradi huo ulipoanza.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inaweza kunisaidia?

Ni miongoni mwa mashahidi wasiodanganya kirahisi. Namba hizi zilikubaliwa kimataifa 1970 zikiwa na tarakimu kumi. Tangu Januari 2007 zina tarakimu kumi na tatu, zikianza na 978 au 979. Kitabu kinachodai kuwa cha 1968 halafu kina ISBN ya tarakimu kumi na tatu, kimepigwa chapa karibu nasi sana. Vya Tanzania vina 9976 au 9987 ndani yake, vya Kenya 9966. Vitabu vya zamani kabisa havina namba hizi kamwe.

Kitabu changu kina mihuri ya shule. Nifute?

Tafadhali usifute! Muhuri ni tarehe ya bure. Kama umeandikwa siku, mwezi na mwaka, umeshajua kwamba nakala hiyo ilikuwepo siku ile. Chapa yake haiwezi kuwa ya baadaye.

Hata usipokuwa na tarehe, maneno yake yanazungumza, na huku kusini yanazungumza vizuri kuliko sehemu nyingi. Ukiona "Southern Province", huo ni muhuri uliotengenezwa wakati tungali jimbo moja, kabla majimbo hayajawa mikoa mwanzoni mwa uhuru. "Tanganyika" peke yake inakurudisha kabla ya Muungano wa 1964. "Mkoa wa Lindi" haungeweza kuwepo kabla ya 1971, Lindi ilipotenganishwa na Mtwara. Muhuri wa shule ya misheni, hasa zile za upande wa Masasi walikofika wamisionari wa Kianglikana tangu 1876, mara nyingi ni wa kabla ya shule hizo kutaifishwa kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969. Nasema mara nyingi kwa sababu shule maskini haikimbilii kununua muhuri mpya. Nimeona mihuri ya zamani ikigongwa miaka mingi baada ya jina kubadilika.

Gazeti lililotumika kufunikia kitabu si shahidi wa aina hiyo. Linakuambia kwamba kitabu kilifunikwa siku hiyo au baada yake, basi. Ila lifungue taratibu: mara mbili nimekuta chini yake kava ambalo halikuguswa na jua tangu lilipotoka dukani.

Nitajuaje kama nakala imedurufiwa?

Mdurufu hunakili kila kitu, pamoja na maneno "Chapa ya kwanza". Kwa hiyo ukurasa wa haki miliki hautoshi. Tazama herufi kwa kioo cha kukuzia: za mtambo wa kweli zina kingo safi, za fotokopi zina vumbi jeusi pembezoni na matundu ya "o" na "a" yameziba. Mistari hulala upande kidogo. Ukingo wa ndani huwa mwembamba mno, na picha za kijivu hugeuka madoa meusi. Kava lina rangi zilizopauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Karatasi nyeupe pe kwenye kitabu cha 1965 nayo inatosha kukushtua.

Mbali na wizi huo, zipo nakala halali za kumbukumbu ambazo wachapishaji wa nje huzitoa zikifanana na kitabu cha kwanza, hadi ukurasa wa jina wa zamani. Hizo huwa na maelezo ya chapa mpya mahali fulani. Tafuta kurasa za mwisho.

Ile karatasi inayovishwa juu ya kava gumu ina umuhimu gani?

Mkubwa. Naiita koti la kitabu. Kwa riwaya za Kiingereza za karne ya 20, nakala isiyo na koti hupoteza sehemu kubwa ya thamani. Koti la The Hobbit ya 1937 lina jambo la kupendeza: kwenye mkunjo wa nyuma, jina Dodgson, ambalo ndilo jina halisi la Lewis Carroll, lilipigwa chapa "Dodgeson", na ile herufi e iliyozidi ikakatwa kwa wino, kwa mkono, kwenye nakala nyingi. Angalia pia kona ya mkunjo wa mbele. Bei ikiwa imekatwa kwa mkasi, umepoteza ushahidi. Nakala za Kimarekani zisizo na bei kabisa mara nyingi ni za klabu za vitabu.

Nitapata shilingi ngapi?

Inategemea hali ya kitabu na nani anakitaka. Desemba 2021, Harry Potter moja ya zile 500 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 471,000, lakini ilikuwa karibu mpya. Iliyopita mikononi mwa watoto wa maktaba haifiki huko. Riwaya ya Kiswahili ya 1960 haitakujengea nyumba, na ukiniuliza mimi, nitakushauri uipe mtu atakayeitunza kuliko kuiuza kwa pesa ya vocha.

Kama kina muhuri wa maktaba ya umma na hakuna alama ya kuondolewa kwenye orodha yao, kirudishe. Hilo silijadili na mteja.

Nitavihifadhije na chumvi hii ya bahari?

Pwani yetu ni adui wa karatasi: unyevu masika, chumvi mwaka mzima, mchwa usiku. Usiviweke sakafuni wala visigusane na ukuta. Sanduku la bati lililofungwa miezi sita huzaa ukungu, hivyo lifungue kiangazi, vitabu vipate upepo kivulini, si juani. Usitumie selotepu, huacha doa la kahawia lisilotoka, na ile nailoni ya kufunikia madaftari ikigandishwa kwenye kava hung'oka na rangi. Msimu wa korosho, nawa mikono kabla ya kugusa kurasa. Mafuta ya ganda lake hayasameheki.

Nimekuta nakala ambayo sioni habari zake popote. Nifanye nini?

Ipige picha leo, kabla hujaisafisha: kava mbele na nyuma, mgongo, ukurasa wa jina, nyuma yake, ukurasa wa mwisho, na kila muhuri. Pima urefu na upana kwa rula. Andika mpiga chapa, bei na idadi ya kurasa. Kisha muulize aliyekupa alikipata wapi na lini, na uyaandike maneno yake kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli. Ukipata nakala ya pili ya kitabu hichohicho, hata iliyochakaa, ziweke pamoja na uzilinganishe ukurasa kwa ukurasa. Tofauti ya kwanza utakayoiona, andika na hiyo.